Nimekata, Shika

Nyinyi mliobaki karakana ya umeme ya chuo mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuisahau au, mbaya zaidi, kuipamba. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na vikao vyake. Mlitaka hasa nieleze jinsi mafunzo yetu ya uhandisi yalivyobadilika mpaka leo waajiri wanakaa nasi meza moja kupanga mitaala, na mwanafunzi hapati cheti mpaka amalize mwaka mzima kiwandani. Habari hizo zina mafaili yake, na yamejaa vumbi la kutosha. Mimi nitaeleza maneno mawili niliyoyasema mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku maneno hayo yalipotaka kumuua mtoto wa watu.

Maneno yenyewe niliyarithi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shamba la mkonge upande wa Muheza, kwenye korona. Siku hizi ukitaja korona watu wanafikiria ugonjwa, lakini kwetu hiyo ni mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na tulikuwa nayo kabla ugonjwa haujapata jina. Nilitoka Mabawa, Tanga mjini, na cheti kipya na ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanaume mwenye kitambi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Singano, Mbondei mwembamba, mpole, ambaye hakuwahi kukimbia wala kurudia kazi.

Siku hiyo ya kwanza mota ya korona ilikuwa imegoma. Mzee Singano alikwenda kwenye kisanduku cha umeme, akachomoa fyuzi tatu, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye mfuko wa shati. Akaniambia, "Nimekata. Shika."

Mimi nilikuwa nimefundishwa kupima kwanza kama umeme upo, nikatoa testa yangu mpya. Mafundi wote wakaacha kazi, wakatutazama. Mzee hakunikaripia. Aliichukua testa mkononi mwangu kwa vidole viwili, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka juu ya mota.

"Mwanangu," akasema, "wanipima mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba vizuri kabisa kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililonimaliza. Sikupima tena nyuma yake. Kwetu, kupima kitu ambacho mkubwa wako ameshasema kiko salama ni kumwita muongo mbele ya watu. Na kusema kweli, hakuna aliyewahi kupigwa shoti chini ya mkono wake, kwa sababu fyuzi zilikuwa mfukoni mwake na umeme wa pale ulikuwa na njia moja tu ya kuingilia. Naomba mlishike hilo la njia moja.

Nilipohamia chuoni kufundisha, nilikuja na Mzee Singano mzima mzima. Tulifundisha kukunja mabomba ya waya, kufunga umeme wa nyumba na kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Kabla ya kila zoezi nilizima swichi kuu, nikawageukia wanafunzi: "Nimekata. Shika." Walishika. Aliyeonyesha dalili ya kusita nilimtazama tu. Wanafunzi waliyaita macho yangu taa nyekundu, na walidhani sijui. Nilikuwa najua, na nilikuwa naona fahari.

Halafu kazi zikaanza kubadilika huko nje, sisi tukiwa bado tunasuka mota. Wanafunzi walirudi kutoka viwandani wakasema mota ikiungua siku hizi inatupwa, inaletwa mpya, na kinachotakiwa ni mtu wa kuelewa kile kisanduku kidogo chenye programu kinachoiamrisha. Mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba alipewa ufagio miezi miwili, maana hapakuwa na kitu kingine alichokijua pale. Nilimwambia arekebishe lugha. Akarekebisha lugha, ufagio akauacha pale pale.

Benchi la kusukia mota likaondolewa, zikaingia kompyuta. Siku linatolewa nilisimama mlangoni tangu asubuhi, nikiwaambia wabebaji waangalie rangi ya ukuta, ambayo haikuwa na thamani yoyote. Nikajifunza kompyuta kwa kijana wa umri wa mwanangu, kila hatua nikiiandika kwenye daftari, hata ile ya kwanza: "washa". Mcheke, lakini nilijifunza, na nilikuja kuipenda.

Kilichonishinda ni kitu kidogo kuliko kompyuta. Waajiri walipoitwa kusaidia kupanga mitaala mipya, aliyewakilisha kiwanda kimoja cha huku kwetu alikuwa Mhandisi Rehema, mkuu wa matengenezo, na kabla ya hapo mwanafunzi wangu. Wenzake waliomba mambo makubwa: programu, sola, mashine zinazojiendesha. Rehema aliomba jambo moja. Alitaka kila mwanafunzi, kabla hajagusa waya, ahakikishe kwa testa yake mwenyewe kwamba hakuna umeme, hata kama aliyekata ni bosi wake.

Nilisema mbele ya kikao kwamba tunafundisha wahandisi, hatufundishi polisi. Watu wakacheka. Rehema hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kiwandani kwake umeme unaingia kwa njia tatu, na hakuna mkubwa anayeweza kuzikumbuka zote kila siku.

Likaandikwa kwenye mtaala. Nikaweka sahihi. Nikarudi karakana, nikazima swichi, nikasema, "Nimekata. Shika." Mwenzangu aliyefundisha darasani aliwaeleza wanafunzi somo jipya la kupima. Kwangu, kwenye vitendo, walikutana na taa nyekundu. Wakajifunza yote mawili, na wakajua lipi la kuandika kwenye mtihani na lipi la kufuata mbele ya Madam.

Makubaliano yalikuwa kwamba kiwanda kitawapokea kwa ule mwaka mmoja wale tu watakaofaulu jaribio la vitendo, litakalofanyika karakana kwetu mbele ya Rehema. Asiyefaulu hana mwaka wa kiwandani, na asiye na mwaka wa kiwandani hana cheti. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Zuhura.

Zuhura alitoka Mwera, Pangani. Sikuwa nimepata mwanafunzi mwenye mkono kama ule. Waya zake zililala kwenye paneli kama nywele zilizosukwa. Mkimya, mwenye heshima, kila kitu anaitikia "ndiyo madam", hata ukimwuliza saa ngapi. Mama yake alimlea peke yake kwa kusuka makuti, na kijijini walishaanza kumwita injinia.

Asubuhi ya jaribio alitakiwa kubadilisha swichi moja ndani ya paneli ya pampu ya maji ya chuo. Mimi ndiye niliyeandaa paneli. Nilishusha swichi kuu ya paneli, nikaona taa zake zinazimika, nikasogea pembeni. Rehema alisimama kulia kwangu na fomu yake. Wenzake Zuhura walikuwa wamejipanga ukutani.

Nikasema, "Nimekata. Shika."

Mkono wa Zuhura ukaenda kwenye mfuko wa ovaroli, kwenye testa. Nikaona kichwa cha testa kinachomoza. Na mimi, mbele ya wageni, mbele ya mwanafunzi wangu wa zamani niliyeshindana naye kikaoni, nikahisi damu inanipanda. Nikamtazama. Sikusema neno, sikutikisa kichwa. Nilimtazama tu.

Testa ikarudi mfukoni. Akashika.

Miezi michache kabla, juu ya paa la karakana ziliwekwa sola, na betri zake zilifungwa ili pampu iendelee umeme wa gridi ukikatika. Waya mwembamba wa kuiamrisha pampu ulikuwa unapata umeme wa betri hata swichi kuu ikishuka. Nilikuwepo siku wanafunga. Nilisaini hati ya kupokea. Niliwaagizia mafundi chai. Na asubuhi ile nilikata njia moja kama Mzee Singano, nikasahau ya pili.

Zuhura hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi, mwili ukakakamaa, na mkono haukuachia. Wenzake wote ukutani wakanigeukia mimi, wakisubiri niseme la kufanya. Aliyekimbia ni Rehema. Alipiga swichi ya betri ukutani kwa kiganja kizima, na Zuhura akaanguka, mgongo ukagonga benchi.

Nilipiga magoti. Macho yalikuwa wazi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwenye ncha, na ile harufu bado ninayo.

"Zuhura."

"Ndiyo madam," akasema.

Rehema alichuchumaa upande wa pili, akashika mapigo ya moyo shingoni mwake, akasubiri pumzi itulie. Kisha akamwuliza kwa nini hakupima. Zuhura alinitazama mimi kwanza, halafu akatazama sakafu.

"Nilisahau," akasema.

Nilikuwa nimepiga magoti pale pale. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nilichosema ni kwamba liitwe gari.

Hospitali daktari aliuchunguza moyo kwa mashine, akasema uko sawa lakini alale pale aangaliwe. Vidole vingepona na makovu. Alasiri mama yake akafika kutoka Mwera, kanga imelowa jasho, akapita kwa mwanawe, halafu akanifuata kwenye korido. Nilijua amekuja kuniuliza nimemfanya nini mtoto wake, na nilikuwa nataka aniulize.

"Shikamoo mwalimu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Twaomba radhi. Kakutia aibu mbele ya wageni. Mie nimemlea kwa adabu, hajapata kunijibu hata siku moja. Hii papara sijui kaitoa wapi."

Nikamjibu, "Tumshukuru Mungu." Ndivyo nilivyojibu. Watu wakinisifu kwenye sherehe ya kuniaga, nilikuwa nasikia jibu hilo.

Jaribio lilikuwa Jumanne, na kikao cha kutoa matokeo kilikuwa Ijumaa. Siku hizo tatu nilifanya mazoezi ya maneno ya kusema, nikiwa jikoni kwangu Mabawa, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na "lakini" ndani yake. Nilijiambia nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilijiambia binti atapata nafasi mwaka mwingine. Nilijua hatapata, maana ada ya mwaka mwingine haikuwepo. Niliogopa, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Ijumaa tulikuwa watatu: Rehema, mkuu wa idara na mimi. Fomu ya Zuhura ilikuwa juu. Kwenye nafasi ya matokeo Rehema alikuwa ameandika "Bado", yaani hajafaulu, na chini yake, "hakupima, kwa kusahau." Mkuu wa idara alishika kalamu aweke sahihi.

"Hakusahau," nikasema. "Mkono ulikuwa umeshafika kwenye testa. Nilimkataza mimi, kwa macho."

Mkuu wa idara akaiweka kalamu chini. Rehema hakushtuka hata kidogo, na nikaanza kuelewa kabla hajasema.

"Najua, madam," akasema. "Nilikuwa kulia kwako. Nayajua hayo macho."

Nikamwuliza, tena kwa hasira, sijui nilipata wapi uso wa kumkasirikia, kwa nini basi aliandika kusahau. Yule mama wa matengenezo anayeamrisha wanaume kiwanda kizima alikuwa anazungusha kofia ya kalamu kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kazi," akasema mwishowe. "Ningekusemaje mbele ya watu?"

Hapo ndipo mwili uliponisisimka, kuliko hata nilipomwona Zuhura sakafuni. Kanuni ile aliitaka yeye, aliipigania yeye, na ilipofika zamu yake kunipima mimi, naye alirudisha testa mfukoni. Na nilimfundisha mimi mwenyewe. Sikuwa nimemfundisha Zuhura peke yake. Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimepeleka viwandani watu, wote wakiwa na mikono mizuri, wote wakisubiri mkubwa aseme.

"Bado" ya Zuhura haikufutwa. Rehema alisema vidole vilivyogusa ni vyake, na umeme hauulizi ni nani aliyekutazama. Zuhura alipewa wiki mbili, arudie jaribio lile lile, na mkataji niwe mimi. Kwangu ikaandikwa barua ya onyo. Iko kwenye faili langu, na kati ya barua zote zilizomo humo ndiyo pekee niliyoisoma mara mbili.

Nilimwomba Zuhura radhi, na mama yake pia, kwa maneno yasiyo na "lakini". Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani kumchukulia mwanawe maji.

Wiki mbili zile ndizo nilizofundisha kweli. Nilifunga kwenye benchi taa ndogo za betri za volti kumi na mbili, umeme usioumiza hata inzi. Nikasema "Nimekata, shika," mara nyingine kweli, mara nyingine uongo wa makusudi. Nikawaambia mapema kabisa kwamba nitawadanganya. Siku ya kwanza hawakupima hata mmoja. Siku ya pili kijana mmoja alinijia kwa heshima zote akaniomba nitoke nje kidogo ili apime. Wengine walinipa mgongo wakapima kwa kujificha, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Kila mmoja alianza na "samahani madam". Nikaipiga marufuku samahani. Na mimi nikajifunza kutazama testa, nisimtazame mwenye testa. Kwa hilo nilichelewa kuliko wote, na Zuhura, mkono ukiwa bado na bendeji, alikuwa wa mwisho kati yao kunipima bila kuinamisha kichwa.

Siku ya jaribio la pili nilifika karakana alfajiri. Kama angeshika bila kupima, alikuwa anarudi Mwera bila kitu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika hivyo. Nilishusha swichi kuu nikaitia kufuli. Nikashusha ya betri nikaitia kufuli. Nikazunguka paneli mara mbili. Safari hii hapakuwa na umeme popote ndani ya paneli, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Rehema akasimama pale pale kulia kwangu.

"Nimekata. Shika."

Zuhura hakusogea. Alikuwa akitazama ule waya mwembamba, amevikunja vidole vyake viwili vyenye makovu. Niliyakaza macho yangu kwenye mfuko wa ovaroli yake. Kisha akainua uso akanitazama usoni, na nikalazimika kumtazama, na sijui aliona nini kwangu.

Alitoa testa. Akaijaribu kwanza kwenye soketi ya ukutani, isiyopitia paneli ile na yenye umeme, kuona kama inawaka. Ikawaka. Akapima kwenye paneli, nukta moja baada ya nyingine, bila haraka, zote. Akairudia tena ile soketi, kuhakikisha testa haijafa katikati ya kazi.

"Hakuna umeme," akasema. "Sasa nashika."

Samahani haikuwepo. Rehema akaandika.

Na iliniuma. Nataka mlijue hilo kuliko yote niliyoandika hapa, maana mitaala haitawaambia. Nilikuwa nimekata kila kitu, nilikuwa mkweli, binti akanipima mbele ya watu kama mwizi wa dukani, na nilikuwa nimeomba Mungu wiki mbili afanye hivyo hivyo, na bado iliniuma. Nikamwelewa Mzee Singano, miaka yote hiyo baadaye, na nikamsamehe, ingawa hakuwahi kuniomba. Nyinyi nanyi mtapimwa, na nyinyi mtaumia kidogo kila mara. Umieni kimya. Isionekane machoni.

Zuhura alikwenda kiwandani na yuko huko mpaka leo.

Siku yangu ya mwisho nilikabidhi funguo za karakana kwa Mwalimu Bakari, kijana niliyemfundisha na ambaye sasa ameshika nafasi yangu. Wageni walishaondoka, keki imeliwa. Alikuwa anataka kufungua ile paneli ya pampu kabla ya kufunga mlango, kuna mlio aliusikia. Nilikuwa nimeshatangulia kuzima, nikamwambia, "Nimekata njia zote mbili, mwanangu."

"Asante, madam," akasema Bakari, akatoa testa, akaenda kuangalia.

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamsubiri amalize.